Kutoka maneno ya madereva hadi modeli ya uigaji: kazi ya mashine na kazi yako

Swali: Mwalimu, ninasoma mwaka wa mwisho hapa Lubumbashi, na kazi yangu ya kumaliza masomo ni uigaji wa kompyuta wa msongamano wa malori yanayokwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia. Nimerekodi mahojiano 22 na madereva, mawakala wa forodha na walinzi wa maegesho, karibu yote kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa, na nimepata pia waraka wa taratibu. Msimamizi wangu anataka kuona modeli ya dhana kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Je, ninaweza kutumia uchakataji wa lugha asilia, yaani programu za kuchambua lugha ya watu, ili mashine isome maandishi hayo yote na kunitolea modeli hiyo?

Jibu: Ndugu yangu, mashine inaweza kukusomea maandishi, kuyapanga, na kukuonyesha mahali penye mapengo na ukinzani, na kwa mahojiano 22 msaada huo si mdogo. Kitu isichoweza kukufanyia ni kuchagua kipi kiingie kwenye modeli na kipi kiachwe nje, na uchaguzi huo ndio moyo wa modeli ya dhana. Nitakueleza kwa urefu kwa nini ninasema hivyo, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wakipewa na mashine mchoro mzuri wenye mishale na visanduku, wakaukabidhi kama ulivyo, kisha wakashindwa kujibu swali la kwanza kabisa walipoulizwa kwa nini kisanduku fulani kipo.

Tuanze na kitu chenyewe. Stewart Robinson, mtaalamu wa uigaji wa Uingereza, katika makala zake za mwaka 2008 alieleza modeli ya dhana kuwa ni maelezo ya modeli ya kompyuta yasiyofungamana na programu yoyote, yanayotaja malengo, vitu vinavyoingizwa, matokeo yanayotakiwa, yaliyomo ndani ya modeli, mambo tunayoyachukulia kuwa kweli bila kuyapima, na mambo tuliyoyarahisisha kwa makusudi. Yatazame mambo hayo moja baada ya jingine na ujiulize ni lipi kati yao dereva wako alilitaja alipokuwa akizungumza nawe kando ya lori lake. Yaliyomo aliyataja, tena kwa wingi. Baadhi ya vitu vinavyoingizwa pia alivitaja, kwa mfano siku alizosubiri. Lakini malengo ni yako, na urahisishaji ni wako, na hakuna programu itakayoyatoa kwenye sauti ya mtu ambaye hakuyasema.

Chukua mfano wa mvua. Madereva watano wakikuambia kwamba mvua inaharibu barabara na malori yanachelewa kufika, mashine itaandika kwa uaminifu kuwa mvua huathiri muda wa safari. Kama lengo lako ni kujua iwapo kuongeza mizani ya pili pale maegesho kutapunguza foleni, mvua inaweza kuingia kwenye modeli kama tofauti tu ya idadi ya malori yanayofika kwa saa, na barabara yenyewe isionekane kabisa. Kama lengo lako ni kumshauri mwenye malori saa ya kuyatoa Lubumbashi ili yasifike yote pamoja, basi barabara hiyo ya kilomita karibu 90 ndiyo modeli yenyewe. Sentensi za madereva ni zilezile katika hali zote mbili, ila modeli ni mbili tofauti. Kwa hiyo, kabla ya kufungua programu yoyote ya lugha, andika lengo lako kwa sentensi moja au mbili na uliweke juu ya kila ukurasa wa kazi, kwa sababu utalihitaji kila mara utakapoamua kukubali au kukataa kitu kilichopendekezwa na mashine.

Wazo la kutoa modeli kwenye maneno ya kawaida si la jana. Mwaka 1972 George Heidorn, akiwa katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji la Marekani huko Monterey, California, alikamilisha mfumo ulioitwa NLPQ, ambao ulipokea kwa Kiingereza maelezo ya tatizo la foleni na kuandika programu ya uigaji kwa lugha ya GPSS, ile iliyobuniwa na Geoffrey Gordon wa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu ninayotaka uikumbuke katika kazi ya Heidorn ni kwamba mfumo wake haukuandika programu mara tu baada ya kusoma. Ulichunguza kwanza nini kilikosekana katika maelezo, ukamwuliza mtumiaji, kisha ukamrudishia maelezo ya tatizo kwa maneno ili ahakikishe kwamba wameelewana. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado sijaona utaratibu ulio bora kuliko huo.

Mwaka 1983 Peter Chen, mtu yuleyule aliyeleta mwaka 1976 michoro ya huluki (vitu vinavyohusika katika mfumo) na uhusiano wake, alitoa kanuni za kugeuza sentensi za Kiingereza kuwa michoro hiyo: nomino ya kawaida huelekea kuwa aina ya huluki, kitenzi chenye mtendwa huelekea kuwa uhusiano, na kivumishi huelekea kuwa sifa ya huluki. Baadaye, mwaka 2011, Friedrich, Mendling na Puhlmann walitengeneza programu ya kutoa michoro ya michakato kwenye maandishi, wakaijaribu kwa jozi 47 za maandishi na michoro, na kwa wastani asilimia 77 ya modeli ilitoka sawasawa. Hayo yalikuwa maandishi safi ya viwandani na ya vitabu vya kufundishia, ambayo mwandishi wake alikaa chini akayapanga. Mahojiano yaliyofanyika pembeni mwa barabara huku injini zinanguruma ni jambo jingine, na usitarajie kiwango hicho.

Sasa tuje kwenye lugha yako, maana hapa ndipo kazi yako inaweza kuwa na thamani ambayo mwanafunzi wa Ulaya hawezi kuifikia. Kanuni za Chen zilifuata umbo la Kiingereza, na ukizihamishia kwenye Kiswahili bila kufikiri utapoteza habari nyingi ambazo Kiswahili hukupa bure. Kitenzi chetu hubeba mengi sana. Katika neno «anamwandikia» pana mtendaji, pana mtendewa, na ile kauli ya kutendea inakudokeza kwamba kuna kitu cha tatu kinachoandikwa, yaani cheti au hati, ambacho huenda ni huluki inayosafiri yenyewe katika mfumo. Katika «linasimamishwa» kuna mtu anayelisimamisha lori lakini hakutajwa, kwa sababu kauli ya kutendwa imemficha, na mtu huyo aliyefichwa mara nyingi ni rasilimali ambayo uigaji hauwezi kwenda bila kuijua: ni nani, wako wangapi, na wanafanya kazi saa ngapi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wapigie mstari kila kitenzi cha kutendwa kwenye maandishi yao na kuandika pembeni neno moja tu: «nani?»

Viambishi vya wakati navyo vinafanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno marefu. Kiambishi «-po-» katika «lori linapofika» kinakuonyesha tukio linaloanzisha shughuli. Kiambishi «-ki-» katika «likifika usiku linasubiri asubuhi» mara nyingi kinakupa sharti, na sharti kwenye modeli ni njia panda. Kiambishi «-ka-» katika «akafika, akaegesha, akapeleka hati» kinakupa mfuatano. Maneno «hadi» na «mpaka» yanakutajia kile kinachofanya kusubiri kukome, na hicho ni kitu cha thamani kubwa, kwa sababu mtu akisema tu kwamba alisubiri bila kusema alisubiri mpaka nini kitokee, bado hujapata foleni, umepata malalamiko. Kanuni chache za namna hii, zikiandikwa kama programu ndogo ya kutafuta viambishi, zitakuonyesha mengi hata bila modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno. Uchanganuzi wa Kiswahili kwa kanuni umefanyiwa kazi kwa miaka mingi, hasa na Arvi Hurskainen wa Helsinki na mfumo wake wa SALAMA, na msingi wake ni huohuo: muundo wa neno la Kiswahili una utaratibu unaoweza kuandikwa.

Waraka wa taratibu, kwa upande wake, una mtego wake. Waraka rasmi hupenda kiambishi «hu-»: «hupimwa, hukaguliwa, kisha huruhusiwa kuondoka». Kiambishi hicho hufuta upatanisho wa ngeli, na kauli ya kutendwa imeshamfuta mtendaji, kwa hiyo hujui nani anapima na wala hujui kinachopimwa ni nini. Kinachopimwa huenda ni lori, kinachokaguliwa huenda ni shehena au hati, na anayeruhusiwa kuondoka huenda ni dereva. Mashine itachukua nomino iliyo karibu na kuibandika kwenye vitenzi vyote vitatu bila kusita.

Ugumu unaongezeka tunapofika kwenye Kiswahili kama tunavyokizungumza hapa. Tuseme katika mahojiano yako kuna maneno kama haya: «Kamio inafika ku parkingi, shofere anapeleka mikanda kwa deklara, kisha anangoya. Kama mikanda haiko muzuri, banairudisha ku mji. Kama iko muzuri, banaita kamio ku mizani.» Mtu wa Katuba au Kenya, mitaa yetu hapa Lubumbashi, anaelewa mara moja kwamba kamio ni lori, mikanda ni nyaraka na deklara ni wakala wa forodha. Lakini litazame neno «banairudisha» kwa jicho la mtu anayejenga modeli. Hao «ba-» ni akina nani? Na hicho «-i-» kinachorudishwa mjini ni kipi, mikanda au kamio? Kwa Kiswahili cha vitabuni, kama angesema malori na nyaraka, tungesikia «wanayarudisha» au «wanazirudisha» na shaka ingekwisha. Hapa mikanda na kamio vyote vinapokea «-i-», na sarufi haikusaidii tena.

Tofauti hiyo si ya walimu wa lugha peke yao. Ikiwa ni mikanda inayorudi mjini, lori linabaki pale maegesho likikalia nafasi yake, na nafasi hiyo haipatikani kwa lori jingine mpaka karatasi zisafiri kwenda na kurudi. Ikiwa ni lori linalorudi, nafasi inaachwa wazi, na lori likija tena linaanza upya mwisho wa foleni. Katika hali ya kwanza kosa dogo la karatasi hujaza maegesho. Katika hali ya pili hujaza barabara. Ukiiga moja badala ya nyingine, kila namba itakayotoka kwenye modeli yako itakuwa namba ya mahali pengine. Nimejaribu sentensi za aina hii kwenye modeli kubwa za lugha, na zilichagua tafsiri moja na kuendelea mbele kwa utulivu, bila kuonyesha kwamba palikuwa na njia mbili. Basi kazi unayopaswa kuipa mashine si kusema «-i-» ni kipi. Ni kukuletea kila mahali ambapo kiambishi cha mtendwa kina nomino mbili au zaidi zinazoweza kukidai. Orodha hiyo utaichukua urudi nayo kwa madereva.

Kuhusu zana, hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita, ila usizipe sifa zisizo zake. XLM-R, modeli ya lugha iliyotolewa mwaka 2019, ilifunzwa kwa lugha 100 na Kiswahili kimo. Jumuiya ya watafiti wa Masakhane ilitoa mwaka 2021 mkusanyo wa MasakhaNER wa lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, wenye majina ya watu, mashirika, mahali na tarehe yaliyotiwa alama kwa mkono. Programu iliyofunzwa kwa mkusanyo huo itakutambulia «Kasumbalesa» bila shida, lakini «mizani» itaipita tu, kwa kuwa mizani si jina la mtu, la shirika wala la mahali, na kwa modeli yako mizani ina uzito kuliko majina yote. Whisper ya mwaka 2022 inaweza kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi. Zote hizi zinakijua zaidi Kiswahili kinachoandikwa Tanzania na Kenya. Ukiipa sauti ya Lubumbashi, tarajia «banangoya» igeuzwe kuwa kitu kingine, na maneno ya Kifaransa yaliyo katikati ya sentensi yaandikwe ovyo. Sikiliza kila rekodi mwenyewe huku maandishi yakiwa mbele yako. Inachosha, nami ninajua, lakini katika kusikiliza huko ndiko modeli huanza kuundwa kichwani mwako.

Baada ya hapo, tengeneza jedwali la usawazishaji: kamio ni lori, deklara ni wakala wa forodha, mikanda ni nyaraka, kungoya ni kusubiri, «ba-» ni «wa-». Weka safu ya maneno ya asili na safu ya maneno yaliyosawazishwa bega kwa bega, wala usiifute ya kwanza. Mara nyingine neno la asili linabeba tofauti ambayo usawazishaji unaiua; kwa mfano, ukikuta watu wanasema «mulongo» kwa mstari wa malori yaliyo barabarani na «parkingi» kwa malori yaliyokwisha kuingia ndani, basi usiyaweke yote chini ya neno «foleni», kwa sababu hizo ni foleni mbili zenye kanuni mbili.

Namba zinahitaji uangalifu wa pekee. «Saa tatu» katika «alifika saa tatu» ni wakati wa asubuhi au usiku, na katika «alisubiri saa tatu» ni muda. Mashine iliyozoea saa za Kizungu inaweza kuandika kuwa dereva alifika saa tisa za usiku, yaani saa 3 ya hesabu yao, na malori yako yote yatasogea kwa saa sita bila wewe kujua. Mtu anapotaja saa kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili, hesabu inabadilika ndani ya mazungumzo yaleyale. Na dereva anaposema «siku mbili tatu» hakukupa 2 wala 3, amekwambia siku chache. Usiruhusu programu igeuze maneno hayo kuwa wastani wa 2.5. Yaweke kama alama ya kurudi kuuliza: safari iliyokuwa ya haraka kuliko zote ilichukua muda gani, ile mbaya kuliko zote ilichukua muda gani, na kwa kawaida inachukua muda gani. Majibu hayo matatu yanaweza kukupa mgawanyo wa uwezekano wenye umbo la pembetatu wa kuanzia, mpaka upate vipimo halisi.

Sasa, namna ya kuitumia modeli kubwa ya lugha yenyewe. Kwanza ondoa majina ya watu, namba za simu na namba za malori kabla ya kutuma chochote kwenye kompyuta za watu wengine. Dereva alikuamini akakueleza yaliyomkera, na maneno yake hayapaswi kumrudia. Pili, usiiombe «modeli ya msongamano». Ukiiomba hivyo itakuandalia mpaka wa jumla uliochanganywa na yote iliyosoma kuhusu mipaka mingine ya dunia, na utakuta ndani yake mashine ya kupiga picha mizigo ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyekutajia. Iombe itoe kauli ndogondogo, kila moja na aina yake: huluki, rasilimali, shughuli, sharti, muda, kiasi. Kila kauli iambatane na sentensi ileile ya mahojiano ilikotoka, neno kwa neno, pamoja na namba ya mahojiano. Kisha andika programu fupi inayotafuta sentensi hiyo kwenye maandishi yako. Isipopatikana, kauli inatupwa papo hapo, bila majadiliano. Hatua hiyo ndogo ndiyo imeniokoa mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu mashine ikibuni kitu, kwa kawaida hubuni na ushahidi wake.

Kauli hizo ukishaziweka pamoja, utaona zinapingana, na hapo ndipo utakapofurahia kazi. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, walinzi wanakwambia malori 50 huingia maegesho kwa siku, madereva wanakwambia wanakaa ndani siku tatu, na wakala anakwambia kwa kawaida ndani mna malori 60. John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba katika mfumo uliotulia, idadi ya wastani ya vilivyomo ni sawa na kiwango cha kuingia mara muda wa kukaa. Malori 50 mara siku 3 ni malori 150, si 60. Si lazima awepo mwongo. Huenda madereva wanahesabu tangu walipoanza kupanga mstari barabarani, na mlinzi anahesabu tangu lori lilipopita lango lake. Mashine ya lugha haitagundua jambo hili peke yake, lakini ikishakutolea namba na sentensi zake, wewe unaweza kuandika ukaguzi huo kwa mistari michache, na kila ukaguzi unaoshindwa unakufundisha mahali ambapo watu wanatumia neno moja kwa mambo mawili.

Kabla ya kuiamini mashine kwa mahojiano yote 22, ipime. Chukua mahojiano matano, wewe na mwenzako mmoja myatie alama kwa mkono, kila mtu kivyake, kisha mlinganishe. Mtakapotofautiana ninyi wawili, usitegemee mashine iwe na jibu. Halafu linganisha kazi ya mashine na yale mliyokubaliana, na uhesabu mambo mawili: kati ya vilivyotolewa na mashine, vingapi ni vya kweli, na kati ya vilivyo vya kweli, vingapi mashine imevipata. Watu wengi hulipenda lile la kwanza. Kwa modeli ya dhana mimi ninalijali zaidi la pili, kwa sababu kitu cha ziada utakiona na kukifuta, lakini kitu kilichokosekana hakina mahali pa kukuita.

Na kuna vitu vitakavyokosekana hata mashine ikisoma bila kosa, kwa sababu hakuna aliyevisema. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga modeli ya ghala moja la unga hapa mjini. Nilikuwa na mwongozo wa kazi wa kurasa nyingi na mahojiano ya kutosha, nikavipitisha vyote kwenye programu ya lugha, na modeli ikasema kwamba foleni ya mchana inatokana na uhaba wa wapakiaji. Nilikwenda kuwaonyesha wapakiaji wenyewe mchoro, nikiusoma kwa sauti hatua kwa hatua. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia akaniuliza ufunguo wa mizani nimeuweka wapi. Mizani ilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa mmoja, na aliyeutunza alikwenda nyumbani kula kila mchana. Hakuna aliyenitajia kwa sababu kila mtu alijua, na mwongozo haukuutaja kwa sababu aliyeuandika hakuwahi kushinda pale mchana. Kuongeza wapakiaji kungempa mwenye ghala gharama na watu wengi zaidi wa kusubiri ufunguo.

Kwa hiyo hatua yako ya mwisho ifanane na ya NLPQ: modeli irudi kuwa maneno. Chukua kauli ulizozikubali na uziandike, mwenyewe au kwa msaada wa mashine, kama hadithi fupi ya safari ya lori moja, kwa Kiswahili cha Lubumbashi na si cha vitabuni, ukurasa mmoja usizidi. Mchoro wenye mishale dereva atautazama na kuitikia kwa kichwa kwa heshima tu. Hadithi ya lori lake atakukatiza katikati na kukusahihisha. Msomee dereva mmoja, wakala mmoja na mlinzi mmoja, kila mtu peke yake, maana wakiwa pamoja mwenye cheo ndiye atakayesema na wengine watamwitikia. Rekodi masahihisho yao, na kila sahihisho lipate namba yake kama zilivyopata kauli za kwanza.

Katika andiko lako, msimamizi wako atahitaji jedwali lenye safu nne: kitu kilichoingia kwenye modeli, sentensi kilikotoka, uamuzi wako wa kukirahisisha au kukiacha kama kilivyo, na sababu ya uamuzi huo ukilinganisha na lengo. Ongeza chini yake vitu ulivyoviacha nje kwa kujua, mvua ikiwemo kama umeiacha. Safu mbili za kwanza mashine inaweza kukusaidia kuzijaza kwa siku chache. Zile mbili za mwisho zitakuchukua wiki kadhaa, na usizipunguzie muda huo. Anza na «banairudisha»: siku utakayokwenda tena maegesho, hilo liwe swali lako la kwanza.